Mtu Aliyeanguka kwa Adabu

Fundi wa lifti alikuwa na dharau kama watu wengine walivyo na kikohozi: ilimtoka hata pale alipojitahidi kuizuia. Kampuni yake ilimpeleka nchi ya mbali akatunze lifti za majengo marefu, katika mji ambao kwa maoni yake haukustahili hata ngazi. Aliidharau mvua ya huko, iliyonyesha kidogo kidogo kutwa nzima kama kibarua anayelipwa kwa siku. Aliidharau chai yao. Alisema ni maji ya moto yaliyosimuliwa tu habari za majani. Lakini waliomkera kupita vyote ni watu wenyewe, hasa akiwaona ndani ya lifti.

"Wanaingia, wanageukia mlango, wanakodolea macho zile namba zinazowaka kana kwamba zitawasomea mirathi," alimwambia dada yake kwenye simu. "Hakuna salamu, hakuna hata kukohoa. Juzi nimeshuka na mama mmoja kutoka juu kabisa mpaka chini. Nikamwambia, habari za asubuhi mama. Akaangalia mkoba wake kama bado upo."

Dada yake alikuwa mkubwa kwake kwa umri na kwa sauti. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na hadi leo, fundi akiwa na mvi kichwani na vyeti ukutani, alimsemesha kama mtoto aliyekataa kuoga.

"Na wewe una rafiki gani huko?"

"Nina jirani."

"Anafanya kazi gani?"

"Sijui. Ana mbwa."

"Kwa hiyo rafiki yako ni mbwa."

"Hata huyo mbwa hanijali, dada."

"Haya, cheka. Siku ukianguka bafuni nani atavunja mlango? Mbwa? Toka ndani, tafuta watu. Nenda popote ambapo watu wanashikana hata mikono."

Fundi alimjibu kwa mkato kama kawaida yake, ila maneno yale yalimkaa. Maana alikuwa na jambo ambalo hakumwambia: tumbo lilikuwa limeanza kumsumbua. Lilimchoma chini ya kifua kila alipokula na kila asipokula. Na baba yao alianza vivyo hivyo, kwa kujishika hapohapo na kusema si kitu.

Sasa ikatokea akatumwa jengo moja la zamani, chini kuna duka la matairi, kwenda kutengeneza lifti ya mizigo. Yumo shimoni, amelala chali chini ya mashine, akasikia juu yake kishindo. Puu! Halafu kingine. Puu! Puu! Kama magunia yanabwagwa. Akajua lazima kuna kitu kimelegea, akapanda ngazi na sanduku lake la vifaa, akasukuma mlango.

Humo ndani akakuta watu wazima miguu peku. Watu wenye nyumba zao, wake zao na shinikizo lao la damu, wamevaa magwanda meupe kama nguo za kulalia, wameshikana kola, wanatupana chini juu ya magodoro magumu. Aliyetupwa anasimama, anainama kushukuru, anatupwa tena. Hewa yote ilinuka raba na soksi.

"Ni judo," akasema mtu mfupi aliyemkaribia, masikio yake yamejikunyata kama maganda ya machungwa juani. Huyo ndiye Mwalimu. "Karibu, karibu sana! Hapa hakuna mgeni. Hapa sisi ni familia."

Fundi akamtazama tangu masikio mpaka vidole vya miguu. Katika maisha yake hakuwahi kuona upuuzi uliopangwa vizuri kiasi kile. Lakini akayakumbuka maneno ya dada yake, na hapa angalau watu walikuwa wanashikana. Juma lililofuata akarudi bila sanduku la vifaa.

Pale ukumbini kulikuwa na desturi moja. Mwalimu akipiga makofi, kila mtu anakwenda kuinama mbele ya yule anayemtaka, ndiyo mnashikana. Ukichelewa unabaki peke yako ukutani, unajifanya unakaza mkanda. Jioni ya kwanza fundi aliukaza mkanda ule mpaka akakosa pumzi. Hakuna aliyemwinamia. Familia ilikuwa imeshapata ndugu zake.

Mwishowe Mwalimu akamwonea huruma, akamsogezea mzee mmoja, karani mstaafu, mwembamba kama mpini wa fagio. "Shikaneni," akasema. Fundi akamshika mzee kola. Na hapo ndipo lilipotokea lile kosa ambalo angelifanya mtu wa malezi yake tu. Alilelewa kwamba mtu mwenye umri wa baba yako humpokei kwa kumsimamia imara kama nguzo. Unampisha, unampokea mzigo, unakaa chini yeye akisimama. Basi mzee alipomvuta kwa nguvu za panzi, fundi hakuona njia nyingine yenye heshima. Akaanguka.

Na akaanguka vizuri, bwana! Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kushusha vitu vizito bila kuvitikisa. Akashuka kwa mpangilio: goti, nyonga, bega, kisha kiganja kikapiga godoro, paa! Ukumbi mzima ukageuka. Karani mstaafu alikuwa amesimama, machozi yanamlengalenga. Hakuwa amemwangusha mtu tangu astaafu.

Watu wakapiga makofi.

Kuanzia hapo hakukaza tena mkanda ukutani. Makofi ya Mwalimu yakilia, walimkimbilia. Daktari wa meno alimwinamia wa kwanza. Huyo alikuwa mtu mwenye adabu ya kupindukia, angeweza kuinamia hata bomba la maji. Nyuma yake alikuja meneja wa duka la matairi, tumbo mbele, mkanda umefungwa chini ya tumbo kama kamba ya mzigo. Kila mmoja alimvuta, na fundi, kwa kuwa alishaona njia ya kupendwa ilipo, alimwangukia kila mmoja. Waligundua kwamba ukishikana na mgeni huyu unakuwa bingwa.

"Wewe una kipaji," daktari wa meno alimwambia akimfuta jasho kwa taulo lake mwenyewe. "Tena si kipaji tu, una moyo."

Siku ya mtihani wa mikanda, daktari wa meno alimwomba fundi awe mwenzake mbele ya waamuzi. Fundi alianguka mbele, akaanguka nyuma, akaruka hewani pale ambapo daktari hata hakuwa ameanza kuvuta sawasawa. Daktari akapewa mkanda mpya. Alimkumbatia fundi hadi akamwachia alama ya kola shavuni. "Wewe," akasema kwa sauti ya kutetemeka, "ni ndugu yangu wa damu."

Ndivyo alivyovishwa kilemba cha ukoka, na kilimkaa vizuri. Akampigia dada yake simu. "Nimepata watu," akasema. "Wajinga, lakini watu."

Mmoja tu alikataa kuingia kwenye sherehe hiyo. Alikuwa mama mmoja mwenye karakana ya kushona mapazia, mpana mabegani, mkimya mpaka afungue mdomo. Na akiufungua ungetamani aufunge. Siku moja aliinama mbele ya fundi, wakashikana. Fundi akahisi kola yake inaguswa, basi akashuka: goti, nyonga, bega, paa!

Mama wa mapazia alibaki amesimama, mikono hewani.

"Nimefanya nini?" akauliza.

"Umenitupa, dada."

"Sijakutupa. Nilikuwa nataka kujikuna." Akamtazama pale chini kama anavyotazamwa mdudu aliyekufa kabla ya kupigwa. "Umeanguka mwenyewe, kama nguo iliyokatikiwa na kamba. Mimi sifanyi mazoezi na mtu ambaye hayupo."

Akaondoka, akaenda kumwinamia mwingine. Fundi aliinuka masikio yakiwaka moto. Kuanzia siku hiyo, moyoni mwake, alimwita Kabati: kitu kikubwa, kizito, kimewekwa mahali pabaya, na kila mtu lazima akizunguke.

Tumbo nalo likazidi. Daktari wa kampuni alimwandikia aende zahanati fulani ya ghorofani wakamtie kamera tumboni waone kuna nini. Fundi alikwenda asubuhi na mapema, amevaa shati jipya. Nesi wa mapokezi, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa mkufu, alimpokea vizuri mpaka alipofika swali la mwisho.

"Utapewa dawa ya kukulewesha kidogo. Nani amekuja kukuchukua?"

"Nitajichukua."

"Hujichukui, baba."

"Mimi mtu mzima, nesi."

"Hao watu wazima ndio tunaowaokota barabarani. Lazima mtu wako awepo hapa, akae kwenye kiti kile, tumwone kwa macho ndipo tuanze. Huna mke?"

"Alishafariki."

"Pole. Ndugu?"

"Yuko mbali."

"Rafiki basi. Kila mtu ana rafiki."

Fundi akainyoosha kola ya shati lake jipya. "Ninao wengi," akasema, "ila sikuwaambia." Nesi akampangia siku nyingine, naye akarudi kazini tumbo likimchoma.

Kumbuka kwamba mtu huyu hakuwahi kuomba kitu. Alikopwa vifaa akasamehe, alisaidia watu kuhama nyumba, lakini kuomba, hapana. Kuomba alikudharau kuliko ile chai. Ilibidi apige moyo konde. Baada ya mazoezi, watu wamepiga magoti kwa mstari kama ilivyo kawaida ya ukumbi, Mwalimu akauliza kama kuna mwenye neno. Fundi akainua mkono.

Akaeleza. Tumbo, kamera, dawa, kiti. Aliyasema yote akitazama godoro. "Baba yangu aliondoka kwa tumbo," akamaliza. "Nahitaji mtu mmoja tu wa kukaa."

Wakapiga makofi. Pale ukumbini walipiga makofi kwa kila kitu.

"Mtu mmoja?" Mwalimu akafoka kwa furaha. "Sisi ni familia! Tutakuja wote! Tutakuja na magwanda yetu!"

"Mimi nitakuwa wa kwanza mlangoni," akasema daktari wa meno, mkono kifuani.

"Gari ni langu," akasema meneja wa matairi. "Utarudi nyumbani umekaa kama waziri."

Kabati alikuwa mwisho wa mstari anafungua mkanda. "Siku ya kazi, asubuhi?" akasema. "Mimi nina mapazia ya hoteli nzima. Siji."

Wote walimgeukia kana kwamba ametema mate juu ya godoro. Meneja akatikisa kichwa. Daktari wa meno akamshika fundi bega, kumfariji kwa ajili ya watu wa aina hiyo. Na fundi, aliyezoea kudharau peke yake, aliona raha kudharau pamoja na wenzake.

Siku ikafika. Njiani fundi alinunua biskuti, boksi kubwa, maana huwezi kuwakalisha watu mdomo mtupu. Alipoingia zahanati, akaona viti vya kungojea ni vichache, akaingiwa na wasiwasi.

"Nesi, samahani. Mna viti vingine?"

"Wanakuja wangapi?"

"Wengi. Na wengine wanene."

Nesi akacheka, wakavitoa wote wawili kutoka chumba cha nyuma, wakavipanga ukutani. Fundi akakaa cha kwanza, boksi magotini. Wagonjwa wakaitwa, wakaingia, wakatoka wamewaegemea wake zao, watoto wao, wajukuu wao. Kila mlango wa nje ulipofunguka alinyanyuka nusu, akakaa tena.

Mwishowe akampigia simu daktari wa meno.

"Ndugu yangu!" sauti ikasema, nyuma yake mashine ya kutoboa jino inalia. "Kwani Mwalimu hajafika? Mimi nilijua Mwalimu yupo, nikasema tusije tukajazana."

Akampigia meneja. "Aa, mimi nilidhani umeshapanda na daktari. Yeye gari lake ndilo lenye viti vizuri."

Mwalimu hakupokea. Baadaye kidogo alituma picha ya viganja viwili vimekutanishwa kwa sala.

Hebu fikiri: wangesema "hapana", angetafuta mtu mwingine, angekodi hata mpita njia. Lakini walisema "ndiyo" wote kwa pamoja, na ile "ndiyo" wakagawana mpaka hakuna aliyebaki na kipande cha kutosha kumnyanyua kitini.

Nesi alikuja taratibu. Akashika kiti cha mwisho, akakirudisha chumba cha nyuma. Fundi akainuka, akaliweka boksi chini, akamsaidia kurudisha vingine.

Dada yake, aliyekuwa ameshaambiwa habari za tumbo na za familia ya ukumbini, alipopiga simu, swali lilikuwa moja. "Walikuja?"

"Walikuja, dada. Ila mashine ya zahanati imeharibika." Na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Fundi mzima kuisingizia mashine isiyo na kosa!

Ukumbini alirudi. Angeweza kukaa nyumbani, lakini alitaka kuwaona nyuso. Akazikuta nyuso zilezile, safi kama sahani.

"Ehee, ilikwendaje?" akauliza meneja.

"Tulikuwa nawe kwa roho," akasema Mwalimu.

Daktari wa meno tayari alikuwa ameinama mbele yake. Mtihani mwingine ulikuwa karibu. Fundi akainama. Wakashikana.

Sasa nikueleze jambo moja la lifti ambalo wapandaji hawalijui. Breki ya lifti haifungwi na umeme. Umeme ndio unaoifungua. Umeme ukikatika, breki inajishika yenyewe, na hapo hata uite jeshi, chumba cha lifti hakiendi popote. Basi ndani ya yule fundi kuna kitu kilikuwa kimekatika. Daktari alivuta. Fundi alisimama. Daktari alivuta tena, akatia mguu, akazunguka, akapinda mgongo kama anang'oa gego la tembo. Fundi alisimama.

"Legeza kidogo, ndugu," daktari akanong'ona, jasho linamtiririka.

"Nitupe."

"Nitakutupaje ukikaza hivyo?"

"Basi hujui kutupa," fundi akasema, wala si kwa kunong'ona. "Huo mkanda nilikupa mimi."

Meneja wa matairi akajaribu bahati yake, akaishia kukaa chini mwenyewe. Karani mstaafu akaonekana anasogea polepole kuelekea chooni. Mwalimu alimvuta fundi pembeni, akamwambia kwa upole mkubwa kwamba ameleta roho ngeni, na familia haipendi roho ngeni. Kufika mwisho wa juma makofi yakilia hakuna aliyemwinamia. Akarudi ukutani kwenye mkanda wake. Hakuukaza safari hii. Alikunja mikono akawatazama wanavyotupana, na kwa mara ya kwanza aliona ni wangapi kati yao walikuwa wanaangukiana tu, leo wewe, kesho mimi.

Kivuli kikamwangukia. Ni Kabati, ameinama.

"Si ulisema hufanyi mazoezi na mtu asiyekuwepo?" fundi akamuuliza.

"Nimesikia amerudi. Nimekuja kuhakikisha."

Wakashikana. Walisukumana kutoka ukuta huu mpaka ule, wakihema kama ng'ombe kwenye mteremko. Fundi aliona nyota kwa kukaza. Kabati alimtia mguu, akaukwepa. Yeye akatia wake, ukagonga paja gumu kama mlingoti.

"Kabati wewe!" likamtoka.

Mama wa mapazia akasimama palepale, bado amemshika kola. "Unaniitaje?"

"Kabati. Tangu zamani. Zito, na liko njiani."

"Haya. Na wewe nakuita Pazia. Mtu akivuta kamba, unashuka. Nimeshona mapazia miaka yote, sijaona linaloshuka haraka kama wewe."

"Leo vuta basi!"

Akavuta. Jinsi ilivyokuwa fundi hakujua. Dari lilipita, likafuatwa na dirisha, halafu godoro likampiga mgongoni likamtoa pumzi yote na nusu ya fikra. Hakukuwa na goti wala nyonga wala mpangilio. Alianguka kama sanduku la vifaa kutoka ghorofani. Alilala pale akitafuta hewa, na akatambua kwamba miezi yote ile hakuwa amewahi kutupwa.

"Hiyo ndiyo kuanguka," Kabati akasema. "Simama."

Akasimama. Wakaendelea mpaka Mwalimu akazima taa za upande ule kuwakumbusha. Mara moja, karibu na mwisho, kisigino cha fundi kilimnasa Kabati kifundoni, akaenda chini kwa kishindo kilichosikika mpaka kwenye matairi.

"Nimeteleza," Kabati akasema kutoka chini.

"Umeanguka."

"Godoro lina jasho. Jasho lako. Nimeteleza."

Walikaa kwenye benchi la nje. Kabati akachukua chupa ya maji ya fundi bila kuomba, akanywa, akairudisha tupu.

"Tumbo limekuwaje?"

"Hawakunipima. Sikuwa na mtu."

"Kwani wale hawakuja?"

"Hakuja mtu."

"Nilijua."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Nilinyamaza lini? Nilisema siji. Mtu pekee aliyetimiza neno lake pale ni mimi."

Fundi alitaka kukasirika, akajikuta anacheka, na kucheka kukamchoma tumboni, akajishika. Kabati aliuona ule mkono.

"Baba yangu alianza hivi hivi," fundi akasema.

"Wangu alianza na mguu. Kila mtu ana mahali pake pa kuanzia." Akafunga viatu. "Siku gani tena?"

"Sijasema nimepanga siku."

"Basi panga. Mapazia ya hoteli nimeyamaliza. Wameyatundika juu chini, lakini hilo si langu."

Hakusema nitakuja. Fundi, aliyekwishaumwa na "ndiyo" nyingi, hakumuuliza. Ila usiku ule chakula kilikaa tumboni bila kugombana naye.

Asubuhi ya zahanati hakununua biskuti. Nesi mwenye miwani ya mkufu alimtambua, akatazama kiti kitupu, akataka kusema neno jema. Kabla hajalisema mlango ulisukumwa kwa bega. Kabati akaingia na utepe wa kupimia shingoni, pini zimejipanga kwenye kola ya koti, mkononi kifurushi cha kitambaa.

"Umechelewa," fundi akasema.

"Nimekuja na kazi yangu. Ulitaka nikae nikuombee?" Akakaa, kiti kikalia. "Hiki nacho ni kiti? Nani amekipiga misumari?"

Nesi akamsogelea na kalamu yake. "Wewe ni mkewe?"

"Mungu apishie mbali."

"Dada yake?"

"Nimtoe wapi ndugu kama huyu?"

"Sasa mama, lazima niandike kitu. Wewe ni nani wake?"

Kabati akafikiri, akitoa pini kwenye kola na kuichoma kwenye kitambaa. "Mimi ndiye ninayemtupa chini," akasema.

Nesi akamgeukia fundi, miwani imeshuka puani. "Ni kweli, baba?"

"Ni kweli," fundi akasema. "Lakini mara moja nilimtupa mimi."

"Niliteleza!"

Nesi akaandika anachokijua mwenyewe, akamwongoza fundi ndani.

Alipozinduka kila kitu kilikuwa na kingo za pamba. Daktari wa zahanati alikuwa anazungumza, na Kabati alikuwa anamuuliza maswali kwa ukali kama mtu aliyeuziwa kitambaa chenye tundu. Vidonda, ndiyo. Vidogo. Vya kumeza vidonge na kuacha kahawa. Kile kitu cha baba yake hakikuwepo. Fundi alilisikia neno hilo la mwisho, akataka kumpigia dada yake palepale, lakini alikuwa ameshika kiatu badala ya simu.

Wakaingia kwenye lifti kushuka. Ilikuwa imejaa, na wote wamegeukia mlango, macho kwenye namba. Chumba kilipoanza kwenda, magoti ya fundi yakalegea. Dawa ilikuwa bado inamzunguka, na mwili wake ulishazoea: goti, nyonga...

Mkono ukamnasa kola, ukamkunja na kumsimamisha ukutani.

"Usithubutu," Kabati akasema. "Leo sijakuvuta."

"Sianguki."

"Unaanguka."

"Nateleza," fundi akasema.

Kabati akatoa kicheko kimoja kikubwa, kibaya, cha puani. Mzee mmoja mwenye kofia akageuka. Halafu mama mwenye mkoba. Halafu wengine, mpaka lifti nzima ikawa imewageukia wao, na namba zikabaki zinajiwakia zenyewe.

"Amelewa?" mzee mwenye kofia akauliza.

"Angelewa angekuwa na raha," Kabati akasema, bado ameishika kola. "Huyu ni fundi."

Fundi alikuwa ameegemeza sikio ukutani, macho nusu, anasikiliza. "Reli ya kushoto," akawaambia wote kwa dharau kubwa na ulimi mzito, "haijatiwa mafuta tangu ifungwe. Habari zenu za asubuhi."

Na mama mwenye mkoba, sijui kwa woga au kwa nini, akasema, "Nzuri."